Swali Butu Bungeni Halitaziba Pengo la Maeneo

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kila swali huleta maarifa. Yako maswali ambayo humfungulia mlango yule anayeulizwa akapita bila kuguswa. Kwa bahati mbaya, mengi ya maswali ambayo wabunge wetu wameielekezea serikali kuhusu maendeleo ya maeneo mbalimbali ya nchi ni ya aina hiyo.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2023, mawaziri walipoanza tena kufika mbele ya Bunge zima kujibu maswali. Desturi hiyo ilikuwa imekatika. Kifungu cha 152 cha Katiba ya 2010 kinamzuia mbunge kuwa waziri, na baada ya uchaguzi wa 2013 waziri aliitwa mbele ya kamati tu. Kanuni za Kudumu zilipobadilishwa, wengi walishangilia kwamba sasa serikali itabanwa hadharani. Shangwe hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini kumleta waziri ukumbini ni jambo moja, na kumuuliza swali asiloweza kulikwepa ni jambo jingine.

Hebu tutazame kwanza kile kinachoulizwa. Sera ya maendeleo ya maeneo ina historia ndefu hapa Kenya. Waraka Rasmi Nambari 10 wa 1965 uliielekeza serikali iwekeze zaidi mahali ambapo fedha zingezaa matunda kwa haraka: penye ardhi yenye rutuba, mvua ya kutosha na njia za usafiri. Maeneo mengine yangengoja faida hiyo iwafikie baadaye. Mamlaka ya Maendeleo ya Mto Tana iliundwa mwaka 1974, na zile za Bonde la Ziwa na Bonde la Kerio zikafuata mwaka 1979. Mwaka 1983 ukaja mpango wa kuifanya wilaya kitovu cha maendeleo ya mashambani. Mwaka 2010 Katiba ikaleta kaunti 47 pamoja na Hazina ya Usawazishaji. Serikali iliyoingia mamlakani mwaka 2022 nayo iliyaweka maendeleo ya kanda na ya maeneo kame chini ya wizara moja na masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Katika miongo hiyo yote maswali yameulizwa. Yameulizwa kuhusu visima, zahanati na barabara. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilingoja zaidi ya miaka 50 ya uhuru kabla ya kuwekwa lami yote. Hapana shaka haikuchelewa kwa sababu ya ububu wa wabunge wa kaskazini. Inafaa basi tujiulize ni kwa nini maswali mengi namna hiyo yamezaa matunda machache.

Sababu ya kwanza imo katika umbo la swali lenyewe. Kwa miaka mingi swali la Bunge letu lilifuata kielezo kimoja: Je, Waziri ana habari kwamba wananchi wa mahali fulani hawana maji? Naye Waziri, au Waziri Msaidizi siku hizo, aliomba kujibu, akasema hana habari. Kwa kuwa sehemu ya pili ya swali ilitegemea ya kwanza, akaongeza kwamba sehemu hiyo haizuki. Akaketi. Kwa mujibu wa kanuni, swali lilikuwa limejibiwa.

Mwanafunzi wa isimu anaweza kuona tatizo mara moja. Swali linaloanza kwa "je" na kufuatwa na kitenzi huomba jibu la ndiyo au la. Tena swali hili haliulizi habari za maji; linauliza kilicho kichwani mwa Waziri. Akisema hajui, hakuna awezaye kumpinga, kwani nani ataingia moyoni mwake akapekue? Kielezo hicho kilirithiwa kutoka kwa Bunge la Uingereza, na kilipotafsiriwa kikapata kichekesho kisichokusudiwa. Katika Kiswahili cha kila siku tunaposema mtu "hana habari" tunamaanisha mara nyingi kwamba hajali. Waziri aliyesimama na kutamka kuwa hana habari na kiu ya watu alikuwa, kwa masikio ya Mswahili, anakiri kosa. Bungeni kauli hiyo ilihesabiwa kuwa utetezi.

Sababu ya pili imo katika sarufi ya majibu. Maafisa wa serikali hupenda sana kauli ya kutendwa. Mradi "utajengwa", mikakati "imewekwa", fedha "zimetengwa". Kiswahili kinaturuhusu kumtaja mtenda baada ya kitenzi cha namna hiyo kwa kutumia "na": utajengwa na nani? Zimetengwa na ofisi gani? Afisa husita pale pale kabla ya "na", na mbunge asipoidai, mradi unabaki hauna mwenyewe.

Kuna pia kile kiambishi kidogo cha "ki". Jibu maarufu ni kwamba kazi itaanza "fedha zikipatikana". Mwalimu wa sarufi atakuambia kwamba "zikipatikana" si sawa na "zitakapopatikana". Anayesema "zitakapopatikana" anachukulia kuwa fedha zitakuja, na kilichobaki ni siku. Anayesema "zikipatikana" hajaahidi lolote. Huenda zije, huenda zisije. Ahadi ni deni, lakini masharti hayamdai mtu. Mbunge aliyeridhika na jibu hilo akarudi nyumbani kuwaambia watu kwamba serikali imekubali amewapelekea ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Sera ya maeneo kwa asili yake ni ulinganisho. Haiwezi kuonekana kwa kutazama mahali pamoja. Ukiuliza kuhusu kisima kimoja cha Wajir utapata jibu la kisima kimoja: pampu imeharibika, fundi atatumwa. Ili sera ionekane ni lazima uulize kwa nini mahali fulani palipewa na mahali pengine pakanyimwa, na kwa kigezo gani. Lakini kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mbunge huuliza kuhusu eneo lake, hupewa jibu la eneo lake, na idara hubaki na picha nzima mikononi mwake pasipo mtu wa kuidai.

Chukua Hazina ya Usawazishaji iliyotajwa katika Kifungu cha 204 cha Katiba. Kila mwaka asilimia 0.5 ya mapato yote ya serikali ya kitaifa inapaswa kuingia humo ili maeneo yaliyotengwa yapate maji, barabara, huduma za afya na umeme kwa kiwango kinachofikiwa kwingineko nchini. Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitaja kaunti 14, miongoni mwazo Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Tana River, Kwale na Lamu. Sera ya pili, ya mwaka 2018, ikaacha kutazama kaunti nzima na kutaja maeneo madogo 1,424 katika kaunti 34.

Badiliko hilo lina hoja nzuri, kwa kuwa ndani ya kaunti inayoonekana kuwa na nafuu mna vijiji visivyojua mfereji wala nguzo ya umeme. Hata hivyo asilimia ni ile ile, na walaji wameongezeka. Hapa ndipo swali kali linapohitajika. Mbunge anaweza kusimama na kuuliza: Je, Waziri ana habari kwamba kata yangu imeachwa nje? Au anaweza kuuliza: Ni kipimo gani kilichotumika kuliingiza kila eneo, kila kaunti imepokea shilingi ngapi mwaka baada ya mwaka, na pengo la huduma za maji limepungua kwa kiasi gani tangu Hazina ianzishwe? Swali la pili halijibiwi kwa "sina habari". Asiye na takwimu hizo amejifichua kwamba anaendesha sera asiyoipima.

Swali kali humrudia hata muulizaji. Katiba inasema asilimia hiyo ikokotolewe kutokana na hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge linapochelewa kuidhinisha hesabu, mgao hukokotolewa kwa mapato ya zamani, ambayo kwa kawaida ni madogo. Kwa hiyo mbunge anayelalamika kuwa Hazina ni ndogo anapaswa pia kuwauliza wenzake wa kamati ya hesabu wamefikia mwaka gani.

Yamkini msomaji atapinga kwamba mbunge amechaguliwa na watu wake, na asipouliza juu ya kisima chao hatarudi Bungeni. Pingamizi hilo ni la haki. Hakuna anayemtaka akisahau kisima. Anachoombwa ni akitumie kama ushahidi katika swali kubwa zaidi. Wengine watasema kuwa idara ya maendeleo ya kanda haina fedha yenyewe, na kwamba anayeshika mfuko ni Wizara ya Fedha. Hilo pia ni kweli, nalo ndilo linaloifanya idara ijibu kwa utulivu kuwa inangoja fedha kutoka kwingine. Dawa yake ni kuwaita wote wawili siku moja mbele ya kamati moja. Kifungu cha 125 kinaipa kila kamati ya Bunge uwezo wa kumwita shahidi na kudai nyaraka sawa na Mahakama Kuu. Uwezo wa kisheria upo tele. Kinachokosekana ni matayarisho.

Walimu wanaelewa ninachosema kuliko watu wengi. Mwalimu hujua tofauti ya kumwambia mwanafunzi "taja" na kumwambia "eleza" au "linganisha". Anajua kuwa swali legevu humpa alama mtu ambaye hakusoma. Kumbukumbu za Bunge, yaani Hansadi, ziko wazi kwa umma. Darasa la Kiswahili au la historia linaweza kuchukua kikao kimoja cha maswali, likahesabu ni maswali mangapi yanayokubali jibu la ndiyo au la, ni majibu mangapi yenye kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, na ni ahadi ngapi zilizofungwa kwa "ki". Zoezi hilo litafunza sarufi na uraia kwa pamoja. Na wale watakaoona haja ya kwenda mbele zaidi, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni.

Muda wenyewe si mwingi. Katiba iliipa Hazina ya Usawazishaji maisha ya miaka 20 kuanzia tarehe 27 Agosti 2010. Ifikapo Agosti 2030 itakoma, isipokuwa Bunge liongeze muda kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Wabunge wa maeneo yaliyotengwa hawatoshi peke yao kufikisha kura hizo. Itawabidi wawashawishi wenzao wa maeneo yenye neema, na hawatawashawishi kwa malalamiko ya kata moja moja. Watahitaji hesabu kamili ya kilichoahidiwa, kilichotolewa na kilichobaki. Hesabu hiyo iko katika majalada ya serikali, na itatoka tu kwa mtu atakayeiuliza kwa jina lake, kwa mwaka wake na kwa shilingi zake.