Raha ya Pikipiki na Hesabu ya Maji

Kila mahali pana chombo chake. Katika visiwa vya Lamu vyombo vilikuwa viwili tangu zamani: jahazi baharini na punda nchi kavu. Kwa miaka mingi magari katika kisiwa cha Lamu yalikuwa ya kuhesabiwa kwa vidole, na lililojulikana zaidi lilikuwa gari la Mkuu wa Wilaya. Wala hapakuwa na wengi walioona upungufu, kwa kuwa vichochoro vya mji ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, aghalabu mmoja hana budi kungoja.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na vyombo hivyo vikaenea nchi nzima, mpaka vikavuka bahari vikiwa ndani ya mashua. Leo mtu akishuka gatini Mtangawanda, katika kisiwa cha Pate, hupokewa na vijana wenye pikipiki walio tayari kumfikisha Siyu au Faza. Katika kisiwa cha Lamu nako ngurumo zake husikika tangu Shela mpaka Matondoni. Siku sita chombo hiki ni cha kazi. Siku ya Ijumaa na siku za Idi huwa cha starehe, na habari hii ni ya starehe hiyo.

Yafaa kusemwa kwanza kwamba raha yenyewe ni ya kweli, wala si upuuzi wa vijana kama wasemavyo baadhi ya wazee. Mtu aliyeshinda juma zima akivua samaki, akilima simsim au akiandika madaftari ofisini, hupata faraja kubwa anapopanda chombo chake na kuiacha njia impeleke. Upepo wa kusi humpiga usoni, minazi hupita kulia na kushoto, na ndugu ambaye zamani hakufikiwa ila kwa mwendo wa nusu siku, sasa huamkiwa na kuagwa kabla ya magharibi. Wako waendao Siyu kuitazama ngome kongwe, wakakaa kivulini mwake na kuzungumza. Raha ya namna hii haina lawama, maadamu mwenye kuitafuta anaijua njia aipitayo.

Lakini njia za visiwani si za lami, na mchanga una hila. Aliyejifunza kuendesha penye ardhi ngumu, akifika mchangani hufanya mambo mawili yaliyo kinyume: hutazama gurudumu la mbele, kisha hushika breki ya mbele kwa hofu. Papo hapo gurudumu huzama, usukani hugeuka, na bwana huyo hujikuta amelala ubavuni mbele ya kadamnasi. Mchanga wataka mtu apunguze upepo kidogo katika mipira, akae nyuma kidogo juu ya kiti, atazame mbali, na atie moto kwa kipimo kimoja bila ya kushtua injini. Akitaka kusimama, na aachie moto taratibu, mchanga wenyewe utamsimamisha.

Shida ya pili ni punda. Mnyama huyu ndiye mwenye mji, na pikipiki ni mgeni wake. Heshima aliyo nayo yaonekana katika hospitali ya punda iliyofunguliwa mjini Lamu mwaka 1987 na jumuiya ya Kiingereza ya kuwatunza wanyama hao. Punda aliyebebeshwa mawe ya matumbawe akishtushwa na honi nyuma yake, hawezi kukimbilia upande katika kichochoro chenye kuta mbili. Hurudi nyuma, hupiga mateke, au humkanyaga mtoto aliyekuwa akicheza mlangoni kwao. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa mwaka 2001 miongoni mwa mahali pa urithi wa dunia, na wazee wamelalamika mara nyingi kwamba moshi na kelele si sehemu ya urithi huo. Mpanda pikipiki muungwana hukiacha chombo chake nje ya mji, akaingia kwa miguu. Hatua mia mbili hazijamdhuru kijana yeyote.

Shida ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni maji. Ili jambo hili lifahamike vyema, na achukuliwe kwa mfano kijana mmoja wa Kipungani, kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Kijana huyu ana pikipiki iliyonunuliwa kwa fedha za samaki za baba yake na fedha za mikeka ya mama yake. Ndiyo ipelekayo samaki mjini, na ndiyo iitwayo usiku mgonjwa akizidiwa. Ijumaa moja alikwenda Shela kusali na kuwaona rafiki zake. Saa tisa alirudi kwa njia ya ufuoni, ule ufuo mrefu wa kiasi cha kilomita 12. Maji yalikuwa yakipwa, mchanga uliolowa ulikuwa mgumu kama sakafu, na kijana alifika kwao akisema kwamba hapana barabara nzuri kama ile katika Kenya nzima.

Ijumaa ya pili alitoka Kipungani saa nne asubuhi kwa njia ile ile ya ufuoni, akamchukua na rafiki yake nyuma. Bahari ilikuwa mbali kabisa. Walisali Shela, wakala, wakacheza mpira. Ilipotimia saa tisa kasorobo kijana alivaa kofia yake ngumu. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu alimwona, naye kijana akamwamkia:

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Waenda wapi na hicho chombo?”

“Narudi kwetu Kipungani, babu, kwa njia ya pwani.”

“Leo mwezi ngapi?”

Kijana akatazama mkononi, akajibu, “Saa tisa kasorobo, babu.”

“Sikukuuliza saa,” akasema mzee. “Nimekuuliza mwezi.”

Vijana wakacheka, wakamwaga mzee kwa adabu, wakatia moto. Kumbe siku ile ilikuwa mwezi kumi na tano, siku ya bamvua, na Ijumaa iliyotangulia ilikuwa mwezi nane, siku ya maji mafu. Katika pwani hii, siku za bamvua bahari hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kwa kuwa maji huchelewa kila siku kiasi cha dakika 50, katika siku saba huchelewa karibu saa sita, na mambo yote hupinduka: saa iliyokuwa ya kupwa huwa ya kujaa, na ya kujaa huwa ya kupwa. Tena maji ya bamvua hupanda sana, hata tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita tatu. Saa ya mkononi haiwezi kumwambia mtu habari hizi. Mwezi humwambia.

Walipofika katikati ya safari, ile barabara nzuri ilikuwa imekwisha kumezwa. Mbele yao palikuwa na mawimbi, na juu palikuwa na mchanga mkavu laini kama unga. Rafiki yake akashauri wapande vilima vya mchanga, lakini pikipiki haikupanda, nayo ni heri haikupanda. Vilima vile vya Shela si rundo la mchanga mtupu. Maji ya mvua huzama humo na kuhifadhika chini, na ndiyo maji matamu yatumiwayo mjini Lamu. Magurudumu yakizoea kupita juu yake, majani yanayoushika mchanga hung'oka, upepo huuchukua, na hazina ya maji ya mji hupungua.

Basi chombo kilizama mpaka kwenye mnyororo. Wakasukuma, wakachimba kwa mikono, mawimbi yakaja. Wimbi moja liliilaza pikipiki, jingine likaifunika. Walipoitoa kidogo kijana alifanya kosa la mwisho: akapiga kiki mara nyingi kwa nguvu zote. Maji yalikuwa yameingia ndani ya injini, na maji hayabanwi kama hewa, hivyo konrodi ikapinda. Lau angaliijua kanuni ya mafundi, asingaliiwasha hata kidogo. Angalitoa plagi, akaizungusha injini polepole ili maji yatoke, akamwaga mafuta yaliyochanganyika na chumvi, na kukiosha chombo chote kwa maji matamu siku ile ile.

Magharibi watu wa Kipungani walikuja na kamba na punda wawili. Vijana waliokuwa wakiwacheka punda kila siku walitembea nyuma yao kimya, na pikipiki ikaburutwa mpaka kijijini.

Mambo yangalikwisha hapo, ingalikuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini pikipiki ilipokuwa ingali kwa fundi, jirani mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi usiku. Mumewe alikuja mbio kumwita kijana kama ilivyokuwa desturi, akaambiwa kuwa chombo hakipo. Ikatafutwa mashua, nayo ilikuwa imekaa juu ya matope kwa kuwa maji yalikuwa yamepwa, ikabidi kungoja. Mama yule alifika hospitalini Lamu alfajiri, akajifungua salama, alhamdulillahi. Hata hivyo, zile saa za kungoja kijana alizikaa pwani pamoja na mumewe, akiyatazama maji yasiyopanda. Hapana aliyemlaumu, na hilo lilimwuma kuliko kulaumiwa.

Mfano huu haukutolewa ili vijana waache kupanda pikipiki kwa starehe. Umetolewa ili wajue kwamba chombo cha starehe visiwani ndicho hicho hicho cha dharura, na avunjaye kimoja amevunja viwili. Sheria ya Kenya yamtaka mpanda pikipiki avae kofia ngumu na koti la kung'aa, na asichukue zaidi ya abiria mmoja. Sheria ya visiwa yaongeza mambo matatu: ajue mwezi ngapi kabla ya kushika njia ya pwani, asikanyage vilima vya mchanga, na akikutana na punda kichochoroni yeye ndiye asimame.

Kijana yule, pikipiki yake ilipotengenezwa, alirudi Shela. Kabla ya kuagana na rafiki zake alimwendea yule mvuvi mzee, akamwamkia, akasema, “Babu, leo ni mwezi sita. Je, njia ipo?”

Mzee akainua macho kutoka katika wavu wake. “Kwa kuwa umeuliza,” akasema, “njia ipo.”