Nilimfuta Mwenyekiti Saa Tisa Usiku

Makamanda, kuna wikiendi moja mwezi uliopita sikuonekana kwenye kikao wala kwenye grupu, na simu sikupokea. Wengine mkadhani nimekamatwa. Hapana. Nilikuwa Uru, sebuleni kwa bibi, natengeneza gemu.

Najua mshacheka. Mwanafunzi wa sheria na gemu wapi na wapi? Nisikilizeni kwanza, maana nina jambo la kukiri.

Mashindano ya namna hii yapo mengi. Linalojulikana sana, Global Game Jam, lilianza 2009 likiwa na washiriki katika nchi 23. Utaratibu unafanana karibu kote: Ijumaa mnapewa mada, mnahangaika kwa saa 48, Jumapili mnapandisha gemu lenu mtandaoni, wenzenu wanalicheza na kutoa maoni. Sisi tuliingia shindano dogo la mtandaoni, halina kiingilio wala zawadi ya fedha. Tulikuwa watatu: binamu yangu anayesoma kompyuta, dogo wa jirani aliyemaliza kidato cha nne na anachora balaa, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kuandika hadithi, na kupika. Laptop mbili, moja haina betri. Programu tuliyotumia ni Godot, ambayo walioianzisha ni Waargentina wawili, ikaachiwa huru 2014. Hulipi kuipata, na ukiuza gemu lako hawakudai hata shilingi.

Mada ikawa kugawana. Hatukufikiria mara mbili, tukasema mfongo.

Kwa msio wa huku mlimani: mfongo ni mfereji wa asili unaoshusha maji kutoka mtoni hadi vihambani. Wazee walichimba mifongo kabla Mjerumani hajafika, na maji yake ni ya zamu, leo kwako, kesho kwa jirani. Kwenye gemu letu wewe ndiye msimamizi. Unafungua huku, unaziba kule, migomba isikauke kwa mtu yeyote. Rahisi tu. Lakini gemu bila mkorofi halichezeki, basi dogo akachora mwenyekiti. Kofia, kitambi, nyumba ya ghorofa juu kabisa, na bwawa la samaki. Kila zamu ikianza, yeye anajaza bwawa lake kwanza. Hakuwa na jina wala rangi ya chama chochote. Tulicheka mpaka bibi akatufokea tulale.

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili nikasema: huyu tumfute.

Ni mimi niliyesema, makamanda. Hakuja polisi, hakupiga simu mtu yeyote. Mimi ninayeandika humu kila mwezi kuhusu uhuru wa maoni. Dogo akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, kwani tutakuwa tumevunja sheria gani?"

Nikamtajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16. Taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Akasema, "Lakini hii ni katuni. Uongo uko wapi?" Nikakosa jibu, ila nikashikilia msimamo. Nikatumia usomi wangu kumnyamazisha mtoto wa watu. Tukamfuta mwenyekiti, tukaweka gogo lililoanguka mferejini.

Nikirudi kukisoma kile kifungu kwa utulivu, kinahitaji taarifa iwe ya uongo, tena mtu aitoe akijua hivyo, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kupotosha umma. Katuni ya mtu asiyekuwepo haifiki huko, kwa usomaji wangu. Na Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake. Nilivijua vyote hivyo usiku ule. Havikunisaidia.

Sijitetei, lakini hofu hii ina historia. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu walipe ada zinazozidi milioni 2, na Juni mwaka huo Jamii Forums wakazima jukwaa lao wenyewe. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima. Mtu aliyekulia humo hahitaji kukatazwa. Anajikataza mwenyewe, tena mapema.

Jumapili mchana umeme ukakatika. Binamu akabeba laptop akapanda boda hadi mjini, gemu likapanda zikiwa zimebaki dakika 11. Tukashangilia kama tumeshinda jimbo.

Siku mbili baadaye maoni yakaanza kuja. Michoro wameisifu. Ila mchezaji mmoja akauliza swali ambalo mpaka leo linanikera: maji yanakwenda wapi? Anasema kila zamu maji yanapungua na haoni anayeyachukua.

Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Kila siku tunaambiwa maji yamepungua, dawa zimeisha, fedha hazikutosha. Vitu vinaisha vyenyewe, hakuna aliyevichukua. Sisi huku tunapinga lugha hiyo majukwaani, halafu mimi nimekaa usiku kucha nikatengeneza gemu linaloongea lugha hiyohiyo.

Kwa hiyo nina hoja mbili kwa jumuiya yetu ya vijana.

Kwanza, tusiyadharau haya mambo. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka 3 kupata dola 300 za laptop, na mwenyewe alikuwa akitembea saa 3 kwenda kuichaji. Akatengeneza Salaam, gemu la kuhubiri amani. Huyo alianza bila hata umeme nyumbani. Sisi tuna madogo wangapi kwenye matawi yetu wanaochora na kuandika programu, na kazi pekee tunayowapa ni kubandika mabango? Wilaya moja ikitoa ukumbi, bando na jenereta kwa wikiendi moja, tutashangaa.

Pili, na hii inatuhusu wanasheria wa chama: madogo hao wakae na mtu anayeijua sheria, lakini awe anaijua ili awaambie mpaka uko wapi, waende hadi hapo. Asiwe kama mimi, niliyeweka mpaka wangu kilomita 10 kabla ya ule wa sheria.

Dogo nimemwomba radhi. Akasema, "Usijali dada, faili lake sikulifuta." Wiki iliyopita tukamrudisha mwenyekiti, na bwawa lake. Nikampa bibi simu alicheze. Akahangaika na mifereji yake pale, migomba ya chini ikaanza kunyauka, akainua macho.

"Sasa huyu wa juu," akaniuliza, "nambonyeza wapi?"

Hatujaiweka sehemu hiyo bado. Tunaifanyia kazi.