Dumu la Divai Mlangoni mwa Sakristia



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo aliniletea dumu la lita tano la divai nyekundu. Zabibu ni zake mwenyewe, za mizabibu minane iliyo uani kwake, na alitamani divai hiyo itumike altareni. Nilimuuliza ameitengenezaje. Akajibu kwa unyofu: zabibu, maji, sukari na hamira. Nilimshukuru, kisha nikamwambia kwamba siwezi kuiadhimishia Misa. Aliinamisha uso, nami sikuwa na furaha.

Wapo watakaosema padre amezidi ukali. Lakini kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa yadai divai ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika; na hati Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 yakataza kuichanganya na vitu vingine. (Tone la maji tunalotia wakati wa kuandaa vipaji ni jambo jingine kabisa.) Hapo sina ruhusa ya kulegeza. Ila nakiri kosa letu mapadre: hapa Dodoma, ambako wamisionari walipanda mizabibu wakiiwazia Misa, tumehubiri miaka mingi juu ya mzabibu wa kweli bila kuwaeleza waamini divai ya altare huwaje.

Nilikwenda kuiona ile mizabibu. Inapendeza mno, na hapo ndipo penye kasoro. Mama anaionea huruma, haipogoi vya kutosha. Katika nchi yetu isiyo na baridi kali ya kuulaza mzabibu, ni kisu kinachouamsha, nasi huvuna mara mbili kwa mwaka; tunda huzaliwa katika chipukizi jipya. Ukiuachia matawi yote, utapata vichala vingi, vyembamba, vyenye utamu haba. Ndipo sukari inapoitwa kusaidia! Biblia tuliyoizoea husema kwamba tawi lizaalo husafishwa. Mkulima wa hapa husema hupogolewa, nami naona neno lake lina makali zaidi.

Tena, zabibu ikishachumwa haiongezi utamu, kwa hiyo ionjwe kwanza mtini. Juisi ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi ya kutosha. Wekundu hutoka katika maganda, na maganda hayo hayo hubeba chachu yake. Basi zipondwe, zichachuke pamoja na maganda kwa siku kadhaa, zikamuliwe, na chombo kijazwe hadi juu kisha kifungwe, kwani hewa huigeuza divai kuwa siki.

Tumekubaliana kupogoa Jumamosi ijayo, mimi nikishika mkasi. Mavuno yakija bila sukari wala maji, nitampelekea Baba Askofu swali letu.

Dumu lile tulilimaliza na wazee wa jumuiya, kwa kiasi. Lilikuwa tamu kupita kiasi.