Eti "bonyeza tu"!

Wadau, jana nimebishana na jamaa hapa chuoni mpaka uji ukapoa. Eti sisi walimu watarajiwa kompaila haituhusu, tubonyeze tu kitufe cha Arduino. Nikamuuliza: ukipangiwa shule huko Mkalama, bando limekata, je? Arduino IDE 2 ukiifungua mara ya kwanza inavuta kompaila intaneti! Na GCC ya kawaida ya kompyuta yako haikusaidii, inaandika lugha ya prosesa ya kompyuta. ATmega328P, yenye flashi ya KB 32 tu, inataka avr-gcc na avr-libc. Mimi ninazo kwenye flashi yangu, nimezipanga kwa mkono siku mbili (PATH ilinitoa jasho, sitanii). Mwanafunzi akiuliza taa inawakaje, utamjibu "bonyeza"?