Prosesa Nyingine kwa Kompyuta Kongwe

Majumbani mwetu mna kompyuta nyingi za mezani zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Ndizo watoto wanazosomea, na ndizo akina mama wengi wanazoandikia hesabu za biashara zao. Zinapozorota, aghalabu tunaambiwa: "Tieni prosesa nyingine." Kabla ya kufungua mkoba, tuipime kauli hiyo.

Prosesa hukaa katika soketi iliyo kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi, na soketi haipokei kila mgeni. Tuchukue Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Soketi yake ni LGA1155, nambari ambayo ni idadi ya vijipini vyake, na prosesa za Intel zinazoikubali ni za kizazi cha pili na cha tatu tu. Ya kizazi cha nne ni ya LGA1150. Vijipini vitano pungufu, basi haikai. Tena kuna hila iliyojificha zaidi: kizazi cha sita na cha nane vyote ni vya LGA1151, ilhali ubao uliotengenezewa kizazi cha sita hauiwashi prosesa ya kizazi cha nane. Muuzaji anayesema "itaingia" hajajibu swali. Aulizwe kama itawaka.

Kwa hiyo 7010, badiliko lenye maana ni kutoka Core i3-3220 yenye viini viwili hadi Core i7-3770 yenye vinne. Kiwango cha joto nacho hupanda, kutoka wati 55 hadi 77. Hivyo feni isafishwe vumbi, na ile krimu ya kupitisha joto ipakwe upya.

Lakini je, prosesa ndiyo yenye kosa? Katika Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha mtazame ni kipi kinacholemewa. Ikiwa diski imefika asilimia 100 na prosesa imetulia, prosesa mpya haitawafaa kitu. Tieni diski ya SSD. Ikiwa RAM imejaa, iongezwe. Nasi twaona SSD itangulie karibu kila mara, maana hata kuwaka kwa mashine hubadilika siku hiyo hiyo.

Jingine ni la usalama. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha tatu, hata hiyo i7. Anayewaahidi Windows 11 kwa prosesa hiyo anawauzia maneno. Linux Mint, isiyolipiwa, huendeshwa vyema na mashine kama hiyo, na mtoto ataandika insha yake bila taabu.

Mkiamua kununua, prosesa ijaribiwe ndani ya kompyuta yenu, mbele ya macho yenu, kabla ya malipo. Vijipini vya soketi navyo vikaguliwe kabla fundi hajagusa kitu na baada ya kazi, kwani kimoja kikipinda, ubao mzima waweza kukataa kuwaka. Na prosesa ya zamani mrudishiwe.