Undugu wa Miji na Boksi la Dawa

Mama msomaji, wenzetu wa vikundi vya akina mama hapa Same na kule milimani wametuuliza: huu undugu wa miji tunaousikia una faida gani? Swali limekuja wakati wake, maana wageni wa ng'ambo wakishakula makande na kupiga picha, huuliza, "Tuwaletee nini?"

Jambo lenyewe si la jana. Mwanza ilifunga undugu na Würzburg ya Ujerumani mwaka 1966, na Tampere ya Finland mwaka 1988. Arusha ina Kansas City ya Marekani, ambayo nayo ni ndugu wa Morelia kule Meksiko (basi tuna mashemeji hata huko!). Mkoani kwetu, Moshi ilitiliana sahihi na Tübingen mwaka 2014.

Kwa jicho la uuguzi, wa Mwanza ndio unaotuvutia. Würzburg ina taasisi ya tiba ya kimisioni iliyoanzishwa mwaka 1922, nayo imeshirikiana na hospitali ya Bugando kwa miaka mingi. Bugando yenyewe iko kwenye barabara iitwayo Würzburg. Kilichosafiri hapo zaidi ni ujuzi, na ujuzi hauhitaji spea.

Boksi ni habari nyingine. Katika zahanati moja tuliyowahi kufanyia kazi lilifika boksi kubwa la dawa za msaada. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma, na nyingi zilibakiza wiki chache tu kuisha muda. Akina mama waliokuja na watoto wenye homa waliliona boksi pale mezani, wakarudi mikono mitupu. Nani angethubutu kuwapa? Na dawa iliyoisha muda haitupwi shimoni hivi hivi; kuna taratibu za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996: dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja wa kutumika, maandishi yaeleweke kwa watumishi wa mahali, na mpokeaji akubali kwanza. Mashine nazo ziulizwe umeme wake. Za Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni 230.

Sisi Wapare tuna msaragambo. Watu hukubaliana kwanza kama ni mfereji au ndiva, ndipo kila mmoja huja na jembe lake. Basi kabla wageni hawajafika, kaeni na mganga mfawidhi wa zahanati yenu, andikeni kinachokosekana, na andikeni pia mtakachotoa ninyi: mawe, mchanga, vyumba vya kulala wageni. Nakala moja iwe ya Kiswahili, mama atakayepika makande aisome kabla hajabandika sufuria.