Mtoto anasoma nje? Mpangieni na siku ya kurudi

Hapa Loresho kuna swali ambalo wazazi hawakosi kuulizana wakikutana, iwe ni nje ya kanisa, supamaketi ama wakingoja gari lioshwe: "Siku hizi kijana anasoma wapi?" Ukitaja shule ya hapa Kenya, mazungumzo yanahamia mambo mengine. Ukitaja Moshi, Johannesburg ama Eswatini, watu wanasogea karibu. Wanataka kujua karo, chakula, walimu, na vile mtoto amebadilika. Halafu ngoja mtoto mwenyewe afike likizo, umpate pembeni wazazi wakiwa mbali. Utadhani anakusimulia shule nyingine kabisa.

Sisemi kuna mtu anadanganya hapo. Mzazi anaongea kuhusu kile alichonunua: darasa dogo, mtihani unaotambulika duniani, uwanja wa kuogelea. Mtoto akishafungua roho, mara nyingi anaongea kuhusu kurudi. Maoni yangu ni haya: siku ya kurudi ndiyo kitu ambacho familia nyingi hazipangi hata kidogo. Watapanga pasipoti, sanduku, bima na pesa za matumizi. Kurudi wanaacha kujipange kwenyewe, na hakujipangi.

Tuanze na wazazi, kwa sababu wana hoja na hatuwezi kuwacheka. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa bweni lao lilipoteketea katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Miaka saba kabla ya hapo, 2017, ilikuwa Moi Girls, hapa hapa Nairobi, na wasichana 10 wakapoteza maisha. Mzazi aliyeona picha zile, kisha akasikia kuna shule mahali mtoto atalala chumba cha watu wachache na mlango hautafungwa kwa nje, utamwambia nini? Ongeza mkoroganyo wa mitaala. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, CBC ikabatizwa CBE, na kila mwezi kuna tangazo jipya la kufuta tangazo la mwezi uliopita. Mtu mwenye uwezo anaona heri atoroke.

Shule zenyewe nazo si za kubahatisha. International School Moshi, pale chini ya Kilimanjaro, ilianza 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC, na siku hizi ni UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha. Waterford Kamhlaba kule Eswatini ilifunguliwa 1963 ili watoto wa rangi zote wasome pamoja, wakati jirani yao Afrika Kusini ilikuwa inawatenga kwa sheria. Mabinti wa Nelson Mandela na Winnie, Zenani na Zindzi, walisoma huko. African Leadership Academy, viungani mwa Johannesburg, ilifungua milango 2008 na huchukua vijana kutoka pembe zote za Afrika. Kijana wa Nairobi akiingia shule kama hizi, anapata kitu cha maana. Anakaa chumba kimoja na Msudani na Mholanzi, anajifunza kubishana na mwalimu bila kuogopa kiboko, na anaandika insha ambayo hakuna aliyempa majibu yake ya kukariri. Wale ninaowajua wanakubali yote hayo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia shule ilikuwa mbaya.

Wanacholalamikia ni hiki. Cha kwanza ni kalenda. Shule nyingi za aina hii hufungua Agosti ama Septemba na kufunga Juni. Kwa hivyo mtoto anarudi Loresho Juni na kukaa Julai yote, wakati rafiki zake wa zamani wako ndani ya muhula wa pili, wamefungiwa mabweni ya Nyeri na Kakamega. Wakifunga Agosti, yeye anafungasha. Miaka miwili ya namna hiyo na urafiki wa kutoka chekechea umeisha bila ugomvi wowote. Wanabaki kulaikiana picha kwa Instagram. Likizo anaimaliza na simu, mbwa, na soja wa getini, na soja ndiye anayepiga stori poa.

Cha pili ni lugha. Kuna mtoto ameishi Moshi miaka minne, katikati ya Watanzania, na bado Kiswahili chake kinaishia "asante sana". Akiingia mat ya Kangemi, konda anamsalimu kwa Kizungu kabla hata hajafungua mdomo. Akienda ushago, shosho anamwangalia tu na kucheka, wanapeana mkono, kila mtu anarudi upande wake. Na hii si lazima iwe hivyo. Mtaala wa IB una Kiswahili. Cambridge wana mtihani wa IGCSE wa Kiswahili. Mara nyingi ni mzazi aliyekaa na fomu ya masomo akaweka alama kwenye Kifaransa, kwa sababu Kiswahili "si anakijua tayari". Hakijui, mzee. Muulize akuandikie ukurasa mmoja.

Cha tatu ni pesa, na hapa watoto wanajua mengi kuliko wazazi wanavyodhani. Karo ya shule hizi kwa kawaida huhesabiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu Sh113. Januari 2024 ilikuwa imepita Sh160. Chukua karo ya mfano ya dola 20,000 kwa mwaka: kutoka Sh2.26 milioni inaruka hadi Sh3.2 milioni, na shule haijaongeza hata senti. Watoto walisikia wazazi wakinong'ona usiku. Wengine waliona gari la mama likiuzwa. Halafu wakaambiwa, "Wewe soma tu." Huwezi kumwambia mtu wa miaka 16 asome tu wakati anajua kila tendo lake linagharimu shamba. Akifeli hesabu hawezi kusema. Akiwa na huzuni hawezi kusema. Atasema shule ni poa.

Kisha kulikuwa na 2020. Machi shule zikafungwa huku na kule, na tarehe 16 Mei Rais Uhuru Kenyatta akafunga mpaka wa Tanzania kwa abiria, malori ya mizigo pekee yakabaki na ruhusa. Ghafla "Moshi ni hapo tu, unapita Namanga" ikawa safari ngumu. Familia nyingi zilijua njia ya kwenda peke yake.

Sasa tuingie kwa kurudi kwenyewe. Kijana akimaliza Kenya, mfumo unamjua. Ana matokeo ya KCSE, KUCCPS wanamgawia nafasi ya chuo, hata kama si kozi aliyotaka. Kijana wa cheti cha nje akitaka kusoma hapa lazima kwanza cheti chake kitambuliwe na kulinganishwa, kazi ambayo iko kwa mamlaka ya KNQA. Baadhi ya taaluma zina milango migumu zaidi: kesi za watu waliosoma nje wakakataliwa Kenya School of Law zimefika mahakamani zaidi ya mara moja. Mzazi anaambiwa haya lini? Mara nyingi baada ya mtoto kukosa ufadhili wa chuo cha Marekani, ndipo familia inakumbuka kwamba Nairobi pia kuna vyuo.

Na si vyeti tu. Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo najua swali la "saa hii unafanya nini?" linavyokaa kwa koo. Aliyetoka nje analipata mara mbili, kwa sababu watu walimtarajia makubwa. Hana kikundi cha darasa cha kumpigia simu, hajui nani anatafuta watu, hajui hata ofisi gani unaingia na shati lililochomekwa. Mtandao wake wote uko Lagos, Toronto na Amsterdam. Ni watu wazuri, lakini hawawezi kumwitia kibarua Westlands.

Mtu atasema hii ni hadithi mpya ya watoto wa kisasa waliodekezwa. Basi tukumbuke Wangari Maathai. Aliondoka 1960 kwenda kusoma Marekani, katika ile safari kubwa ya wanafunzi iliyopangwa enzi za Tom Mboya. Aliporudi 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi kutoka chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba aliona ukabila na ujinsia ndani ya uamuzi huo. Aliokolewa na profesa mwingine aliyekuwa akiunda idara ya anatomia ya mifugo. Leo kuna taasisi yenye jina lake katika kampasi ya Kabete, mwendo mfupi tu kutoka hapa Loresho. Kama mtu wa kiwango chake alirudi akakuta mlango umefungwa, wewe unadhani mtoto wako wa miaka 18 atajifungulia?

Hata shule zenyewe zimeliona jambo hili. African Leadership Academy iliwawekea wanafunzi inaowafadhili sharti kwamba baada ya chuo wanarudi kufanya kazi Afrika kwa miaka kadhaa, la sivyo msaada ule unageuka deni. Unaweza kulipinga sharti hilo, lakini angalau mtu alikaa chini akafikiria mwisho wa safari kabla ya kukata tiketi ya kwenda.

Najua kuna wanaosoma hapa wakiwa Kibagare ama Kangemi wanasema: haya ni matatizo ya matajiri, sisi yanatuhusu wapi? Yanawahusu. UWC huchagua wanafunzi kupitia kamati za nchi na wengi husoma kwa ufadhili. ALA pia. Kila mwaka kuna mtoi mkali wa mtaa anayepata nafasi hizo, na tunampigia makofi kanisani. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi. Mtoto wa Loresho akirudi bila mpango, ana chumba chake na friji iliyojaa. Mtoto wa Kibagare anarudi kwa nyumba ya chumba kimoja akiwa na mawazo ya Kizungu, ndugu zake wanamwona anajiona, na watu wanamtarajia alipe karo ya watatu wanaomfuata. Ufadhili ulilipa ndege na vitabu. Haukulipa miezi sita ya kukaa nyumbani akijitafuta.

Na kuna wale wanaouliza, kwani lazima arudi? Hapana, si lazima. Akipata maisha yake Toronto na anayapenda, mwacheni aishi. Lakini kuchagua kubaki ni tofauti na kubaki kwa sababu nyumbani hakuna anayekujua tena. Na visa huisha. Ufadhili huisha. Mzazi huugua. Siku hiyo ikifika, inafaa awe na mahali pa kuanzia.

Kwa hivyo ningeomba wazazi wafanye mambo machache ambayo hayahitaji dola. Kabla ya kulipa, tafuta mtu aliyemaliza shule hiyo miaka mitatu ama minne iliyopita, umuulize yuko wapi sasa na alifikaje hapo. Wale wa kwenye brosha wanatabasamu kwa sababu bado wako shuleni. Piga hesabu ya karo kwa dola ya Sh160, si ya leo, na kama haitoshi, mwambie mtoto ukweli mapema. Weka Kiswahili kwenye fomu. Uliza KNQA kuhusu cheti chake akiwa bado kidato cha chini, si siku ya kutafuta chuo. Na angalau likizo moja kwa mwaka asipelekwe Diani wala kambi ya watoto wa shule nyingine kama yake. Afanye kazi mahali, hata kama ni duka la anko Kangemi, asalimie watu, ajue bei ya sukuma.

Zaidi ya yote, mruhusu aseme shule imemshinda bila kumtajia pesa. Ukimtajia mara moja tu, hutasikia ukweli tena.

Na sisi vijana tuliobaki tuna kazi yetu. Ukimwona mtu amerudi Julai, amesimama pale stejini hajui mat inaenda wapi, usianze kumwigiza lafudhi. Mwonyeshe mat, mpe namba yako, mwambie Jumamosi kuna mechi. Inaweza kuwa ndiyo namba ya kwanza ya Nairobi aliyopata tangu aondoke.